Jibu kwa mtafiti wa Mbeya: modeli ya maji ikifika mbele ya madiwani

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mtafiti kijana, niko Mbeya. Nimetengeneza modeli ya kompyuta inayokadiria mtiririko wa Mto Mbarali kwa miongo ijayo, nikizingatia mabadiliko ya tabianchi na kupanuka kwa mashamba ya mpunga. Nilialikwa kuiwasilisha mbele ya kamati moja ya halmashauri. Nilipoonyesha grafu zangu, nyingine zikiwa na maji yanayopungua na nyingine yanayoongezeka, diwani mmoja aliuliza: "Kwa hiyo tujenge bwawa au tusijenge?" Sikuwa na jibu. Mwenyekiti alinishukuru, akasema nikishapata uhakika niwarudie. Nifanye nini ili viongozi waielewe na kuitumia kazi yangu, bila mimi kujifanya nina uhakika nisio nao?

JIBU: Marahaba, na ninakushukuru kwa kuliandika swali lako kwa uwazi. Kwangu mimi swali hili ni zito kuliko hesabu zote zilizomo ndani ya modeli yako, kwa sababu hesabu zikikosewa huweza kusahihishwa na mtaalamu mwingine, lakini ushahidi usiofika mahali uamuzi unapofanyika hausahihishwi na mtu yeyote. Hubaki kabatini, na uamuzi hufanyika bila huo.

Nianze na alilokuambia mwenyekiti. Aliposema urudi ukishapata uhakika, aliamini, kama wanavyoamini watu wengi, kwamba kutofautiana kwa grafu zako ni dalili ya kazi ambayo haijakamilika. Kwa upande wa joto angekuwa na haki ya kudai jibu moja, maana modeli za tabianchi za dunia zinakubaliana kwamba Nyanda za Juu Kusini, kama sehemu nyingine za nchi, zitaendelea kupata joto zaidi, na joto likiongezeka maji mengi zaidi yatapotea hewani kutoka kwenye majaruba ya mpunga, mabwawa na ardhi oevu. Kwa upande wa mvua hali si hiyo. Kusini mwa Tanzania iko katika ukanda wa mpito kati ya Afrika Mashariki, ambako miaka ya El Niño mara nyingi huleta mvua nyingi za vuli, na kusini mwa Afrika, ambako miaka hiyohiyo mara nyingi huleta ukame. Modeli ikiusogeza ukanda huo kidogo upande mmoja, Usangu, yaani bonde ambamo Mbarali inapita, inapata mvua nyingi. Nyingine ikiusogeza upande wa pili, Usangu inakauka. Mradi wa utafiti wa UMFULA, ulioshughulikia Bonde la Rufiji na Mto Shire wa Malawi, ulikutana na tofauti hizi na haukujaribu kuzificha. Ulipima jinsi matumizi ya maji katika bonde yangekwenda chini ya hali nyingi zinazowezekana. Kwa hiyo uhakika anaoungoja mwenyekiti wako hautafika kabla ya uamuzi wake, na ukirudi baada ya miaka kumi ukiwa na kompyuta kubwa zaidi bado utakuwa na grafu zinazokwenda pande mbili. Jambo hilo inafaa alisikie kutoka kwako, kwa maneno mepesi, siku ya kwanza.

Hata hivyo, kutokuwa na uhakika kuhusu mvua si sawa na kutokuwa na la kusema kuhusu bwawa. Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Wewe uliipeleka modeli ili iseme mto utakuwaje. Diwani alitaka kujua afanye nini. Kati ya mambo hayo mawili kuna hatua ambayo hukuichukua, nayo ni kuigeuza modeli ijibu swali la uamuzi: chaguo hili litashindwa katika hali zipi, chaguo lile litashindwa katika hali zipi, na je, hali hizo ni za mbali au tumeshawahi kuziona? Maswali hayo modeli yako inaweza kuyajibu hata kama haijui mvua ya mwaka 2050.

Lakini kabla ya kufika huko, ni lazima ujue uamuzi uliokuwa mezani ni wa nani. Halmashauri ya Mbarali haitoi vibali vya kutumia maji ya mto. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 kazi hiyo ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ofisi yake kuu iko Iringa. Bwawa la umwagiliaji la ukubwa wowote wa maana linahusu Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, wizara na pengine wafadhili, na baraza la madiwani lina sauti ya kuomba na kushinikiza zaidi kuliko sauti ya kuamua. Kile ambacho baraza linaweza kuamua lenyewe ni kwingine: kuweka au kutoweka fedha za maendeleo katika ukarabati wa mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoyaelekeza maji mashambani, na mifereji, kutunga sheria ndogo, kuwaelekeza maofisa ugani kuhusu aina za mpunga na tarehe za kupandikiza, kuzisaidia jumuiya za watumia maji zifanye kazi badala ya kuwa majina kwenye daftari. Ukiipeleka modeli inayojibu swali la bwawa kubwa mbele ya watu ambao uamuzi wao ni wa mabanio, watakushukuru kwa heshima na kuendelea na ajenda inayofuata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwako, na sidhani kwamba tatizo lilikuwa uwezo wao wa kuelewa.

Wakati nao una uzito wake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya bajeti ya halmashauri huandaliwa na kujadiliwa miezi mingi kabla ya hapo, yakapita kwenye vikao vya wataalamu, kamati za kudumu na baraza, kisha mkoani, kabla ya kwenda juu. Ushahidi unaowasilishwa mwezi Aprili unawakuta watu wamekwisha kugawana fedha. Unaowasilishwa Oktoba au Novemba, wakati maofisa wa idara wanaandika mapendekezo yao na mkulima anatazama mawingu, unaweza kubadilisha mstari mmoja wa bajeti, na mstari mmoja ni mafanikio makubwa. Mtafute afisa mipango na afisa umwagiliaji mapema, uwaulize wanaandika nini mwaka huu na wanasitasita wapi. Mashaka yao yawe ndiyo maswali ya modeli yako.

Niruhusu nieleze kwa kirefu historia ya bonde letu wenyewe, kwa sababu sijui mfano mwingine unaofundisha vizuri zaidi jinsi ushahidi unavyoweza kuwa sahihi na bado usitumike. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Mbarali na mito mingine ya Usangu, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 nchi ilikumbwa na mgao wa umeme, wakati ambapo mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204, yote ikitegemea maji ya mto huo, ilikuwa sehemu kubwa ya umeme wa taifa. Watu waliunganisha mambo hayo mawili. Anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Iringa huona mpunga wa kijani Chimala na Igawa, na akisikia kwamba mto umekauka hifadhini na taa zimezimika Dar es Salaam, haoni sababu ya kutafuta mkosaji mwingine zaidi ya mkulima na mfugaji wa Usangu.

Kati ya mwaka 1998 na 2001 mradi wa utafiti uliojulikana kama SMUWC ulipima na kukokotoa maji ya Usangu, na baada yake mradi wa RIPARWIN, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliendeleza kazi hiyo. Matokeo yao yalitenganisha kile ambacho umma ulikiunganisha. Kukauka kwa mto hifadhini wakati wa kiangazi kulihusiana kweli na maji yanayochepushwa Usangu katika miezi ya ukavu, pamoja na maumbile ya Ihefu yenyewe: ardhi ile oevu hutoa maji kupitia kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, na kina kikishuka chini ya kizingiti hicho, mto unakatika hata kama bado kuna maji ndani ya ihefu. Kuhusu umeme jibu lilikuwa tofauti. Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, tena linapokea pia maji ya Ruaha Mdogo unaopita Iringa na ya Mto Kizigo, na yale maji ya kiangazi yaliyogombaniwa Usangu ni sehemu ndogo sana ya ujazo wake wa mwaka. Watafiti walionyesha kwamba namna mabwawa yalivyoendeshwa, yaani lini maji yaliachiliwa na lini yalihifadhiwa, ilikuwa na mchango mkubwa katika upungufu ule.

Tazama thamani ya matokeo hayo kwa kiongozi. Yanamwambia kwamba kumpunguzia maji mkulima wa kiangazi kunaweza kuusaidia mto wa hifadhi, lakini asitarajie kwamba taa zitawaka kwa sababu hiyo. Ni maamuzi mawili, yenye ushahidi wa aina mbili na watu wawili tofauti wa kuwajibika. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ukame wa 2005 na 2006 ulipoleta mgao mwingine, hoja ya umeme ilitajwa tena kama vile haijawahi kuchunguzwa, na kati ya 2006 na 2007 wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa Usangu. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika, na mto uliendelea kukauka kiangazi.

Kwa nini ushahidi haukushika? Sisemi kwamba viongozi hawakusoma, wengine walisoma. Maoni yangu ni kwamba kulikuwa na sababu kadhaa zilizofanya kazi pamoja. Ripoti zilikuwa nyingi, nene na za Kiingereza. Miradi ilifungwa, wataalamu wake wakatawanyika, na ukame uliporudi hakukuwa na mtu aliyekaa karibu na meza ya uamuzi ambaye angeweza kusema kwa dakika tano kile ambacho ripoti zilisema kwa kurasa mia. Tena uamuzi wenyewe haukuwa wa umeme peke yake. Ulibeba masuala ya ardhi, uhifadhi, utalii na uhusiano wa wakulima na wafugaji, na modeli ya maji haina mamlaka juu ya hayo yote. Jambo hili la mwisho ulikubali mapema, kwa sababu mtafiti anayedhani namba zake zitashinda kila hoja nyingine huishia kukasirika na kuacha kuhudhuria vikao, na kiti chake kikibaki kitupu, mwingine asiye na vipimo vyovyote hukikalia.

Sasa turudi kwenye modeli yako na tuseme afisa umwagiliaji amekuambia kwamba uamuzi halisi wa mwaka huu ni kati ya kuboresha banio kwa zege na milango ya chuma, au kutumia fedha hizo kuimarisha zamu za maji kati ya mifereji ya juu na ya chini. Usianze na mwaka 2050. Anza na miaka iliyopimwa kwenye kituo cha kupimia maji, ukaiendeshe modeli kana kwamba banio jipya lilikuwepo tangu hapo. Je, katika miaka ya kawaida wanufaika wangekuwa akina nani? Katika mwaka kama ule wa mvua kubwa wa 1997/98 je? Katika mwaka kama 2005/06 je? Kisha punguza mtiririko hatua kwa hatua, uone ni wapi mifereji ya chini inakosa maji ya kupandikiza. Hapo ndipo utagundua jambo ambalo watafiti wa Usangu walikwisha kuliona: banio la kienyeji la mawe na miti huvuja, na kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunampa maji mtu wa chini, ilhali banio la zege lililojengwa bila kufikiria mgawo humwezesha mtu wa juu kuuchukua mto karibu wote wakati wa ukavu. Matokeo ya namna hiyo hayategemei kujua kama mvua itaongezeka au itapungua. Yanasema kwamba mvua ikipungua hata kidogo, chaguo la kwanza likiachwa bila makubaliano ya zamu litaleta ugomvi, na chaguo la pili litavumilia zaidi. Diwani anaelewa sentensi hiyo kwa sababu ugomvi wa maji unamfikia mlangoni kila msimu.

Kwa bwawa fanya vivyo hivyo. Badala ya kusema maji yataongezeka au yatapungua, onyesha ni kupungua kwa kiasi gani kutakakofanya bwawa lisijae kwa miaka miwili mfululizo, halafu useme ni ngapi kati ya njia ulizozijaribu, yaani makadirio ya mtiririko wa siku zijazo, zinafika kwenye kiwango hicho. Ikiwa ni chache, na ikiwa hata katika hizo bwawa bado lina manufaa, sema. Ikiwa ni nyingi, sema pia. Diwani alipokuuliza mjenge au msijenge, jibu la kweli lingeweza kuwa: "Mheshimiwa, bwawa la ukubwa huu linafaa katika hali nyingi tulizozijaribu, linashindwa ikiwa mvua itapungua kupita kiwango hiki, na bwawa dogo zaidi lenye mgawo mzuri linavumilia hali zote, ila linahudumia ekari chache." Sisemi kwamba hayo ndiyo matokeo yako, ninakuonyesha umbo la jibu. Lina uaminifu wote uliotaka kuulinda, na bado linamwachia yeye kazi iliyo yake, yaani kupima kati ya ekari nyingi zenye hatari na ekari chache zenye usalama. Upimaji huo si wa kisayansi, na hupaswi kuufanya kwa niaba yake kimyakimya ndani ya kompyuta.

Kuhusu lugha ya uwezekano, tahadhari sana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kwa mikoa yetu, ambayo hupata mvua za msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa kutumia mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Pasipo taarifa yoyote kila fungu lina nafasi sawa, theluthi moja. Utabiri unaposema mvua za juu ya wastani zinatarajiwa, maana yake ni kwamba nafasi ya fungu hilo imepanda kuliko mengine, labda imefika asilimia 45 kwa mfano, na hivyo zaidi ya nusu ya nafasi bado iko nje yake. Msikilizaji wa redio husikia ahadi. Msimu ukienda kinyume husema wataalamu wamedanganya, na mwaka unaofuata hasikilizi tena. Kwa hiyo nakushauri uache asilimia peke yake na useme kwa kuhesabu miaka: "Tukipata miaka kumi yenye dalili kama za mwaka huu, tunatarajia karibu minne au mitano iwe ya mvua nyingi, mitatu ya kawaida, na miwili au mitatu ya upungufu." Kisha taja miaka halisi wanayoikumbuka. Mzee aliyelima Usangu katika mvua za 1997/98 anajua maana ya fungu la juu kuliko grafu yoyote itakavyomweleza.

Ninapenda zaidi, inapowezekana, kuwapa watu modeli waishike kwa mikono. Bonde letu lina mfano mzuri. Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Uingereza aliyefanya kazi Usangu katika miradi ile niliyoitaja, alibuni mchezo wa bonde la mto: ubao mkubwa wa mbao uliowekwa kwa mteremko, wenye mto uliochongwa katikati, mifereji inayotoka pembeni, na vishimo vinavyowakilisha mashamba. Gololi za kioo huachiliwa juu zikateremka kama maji, na wachezaji huweka vijiti vidogo mtoni kuzichepusha kuelekea kwenye vishimo vyao. Ulipochezwa na wakulima wa eneo la Mto Mkoji, ulianza kila mtu akijichukulia, na haukuchukua muda kabla ya watu wa juu kujaza vishimo kupita mahitaji yao huku wa chini wakitazama gololi zisizofika. Baadaye wakulima wenyewe walijadili na kucheza tena kwa kugawana. Mchezo huo ni modeli kamili: una mtiririko, matumizi, mabanio na matokeo, ila hakuna kitu ndani yake ambacho mchezaji hawezi kukiona. Ukiweza kutengeneza kitu cha namna hiyo, hata cha udongo na mbegu za mahindi, na ukawaalika madiwani wacheze kabla hujawaonyesha skrini, utashangaa jinsi maswali yao yatakavyokuwa makali.

Tena maswali hayo yatakusahihisha wewe. Mtu wa Mbarali atakuambia kwamba kuna mifereji ambayo haimo kwenye ramani yako, au kwamba maji yanayotoka kwenye majaruba ya juu hayapotei bali yanarudi kwenye mkondo na kutumiwa na mwingine chini. RIPARWIN ilionyesha uzito wa jambo hilo: ukipima ufanisi wa skimu moja ya umwagiliaji peke yake unaweza kuona upotevu mkubwa, lakini ukipima bonde zima unakuta maji yaleyale yametumika zaidi ya mara moja. Modeli inayohesabu maji ya marejeo kuwa yamepotea itamshauri kiongozi asakafie mifereji ili "aokoe" maji ambayo tayari yana mwenyewe. Kwa hiyo kikao na wenyeji kina kazi mbili: kinawafundisha wao, na pia ni jaribio la modeli, sawa na kuijaribu kwa takwimu za miaka ambayo hukuitumia ulipokuwa unairekebisha. Andika walichokuambia, badilisha kinachobadilishwa, na urudi uwaonyeshe kilichobadilika.

Jambo jingine ambalo kiongozi ana haki ya kulijua ni kipi kimepimwa na kipi kimekadiriwa. Hili si la maji tu. Katika afya, utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliipa Njombe kiwango cha asilimia 12.7, cha juu kuliko mikoa yote, na kiwango hicho kilitokana na watu waliopimwa damu. Lakini mganga mkuu wa wilaya anapopewa makadirio ya halmashauri yake, kwa kawaida anashika namba iliyotoka kwenye modeli ya takwimu, yenye ukingo wa juu na wa chini, kwa sababu utafiti ule ulipangwa kutoa majibu ya ngazi ya mkoa. Namba zote mbili zina manufaa, lakini haziwezi kubeba uzito uleule katika hoja. Kwa modeli yako, chora ramani ya mto na utie wino mzito pale ambapo kuna kituo kinachopima, na mstari wa nuktanukta pale ambapo umekisia. Ramani hiyo moja itawaeleza zaidi kuliko kurasa za vigezo vya usahihi, na pengine itawashawishi waombe kituo kingine cha kupimia.

Andika matokeo kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ukianza na uamuzi na wala si na mbinu. Mpe afisa mipango siku kadhaa kabla ya kikao, ili atakapoulizwa na mwenyekiti awe na la kusema na asione aibu mbele ya wakubwa wake. Ikiwezekana, yeye au mkuu wa idara ndiye awasilishe, na wewe ukae pembeni ukijibu maswali. Ushahidi unaosemwa na mtu wa ndani hukaa. Unaosemwa na mgeni huondoka naye.

Utakutana pia na shinikizo la aina mbili, na ni vizuri ulijue kabla halijakufika. La kwanza ni kuombwa namba moja: "Tupe tu wastani." Wastani wa njia zinazosema maji yatapungua na zinazosema yataongezeka unaweza kutoka karibu na sifuri, na kiongozi akaenda nyumbani akiamini kwamba hakuna kitakachobadilika, jambo ambalo hakuna hata njia moja iliyolisema. Kataa kwa upole, na badala yake toa hali mbili au tatu zenye majina, mfano "miaka kama 2005/06 kuja mara kwa mara zaidi". La pili ni kuitwa baada ya uamuzi kufanyika ili modeli yako iubariki. Hapo kinga yako ni maandishi: dhana zako zote ziwe zimeandikwa na kukabidhiwa mapema, pamoja na sentensi inayosema modeli hii haikuchunguza nini. Ikiwa haikuchunguza maji ya ardhini, au gharama, au mahali wafugaji watakaponywesha mifugo yao, andika hivyo, kwa sababu kimya chako kitasomwa kama idhini.

Mwisho, usiukubali utaratibu wa kuwasilisha mara moja na kuondoka. Omba nafasi ya kudumu, hata ya dakika chache kila mwaka kabla ya mapendekezo ya bajeti kuandikwa, ambapo utaweka kwenye meza moja kile modeli ilichosema kuhusu msimu uliopita na kile kilichopimwa kwenye banio, pamoja na maelezo ya mahali vilipotofautiana. Msimu wa kwanza wa kuanza nao ni huu unaokuja: muombe afisa umwagiliaji na viongozi wa jumuiya ya watumia maji wasome kina cha maji banioni kila asubuhi kuanzia siku ya kwanza ya kuandaa vitalu hadi maji yatakapofungwa shambani, wakiandika kwenye daftari la kawaida, nakala moja ibaki kwao, nyingine ije kwako, na ya tatu ipelekwe ofisi ya bonde Iringa.